RIZIKI YA HALALI: Mfuko wa Mwenzio ni Amana



Liko swali moja ambalo huulizwa mara nyingi na vijana na akina mama wa Tukuyu na wa wilaya nzima ya Rungwe. Husema: ardhi tunayo, mvua haitunyimi, na mikono tunayo, tulichokikosa ni mtaji. Twasikia iko mifuko inayotoa fedha kwa vikundi na kwa wenye biashara ndogo. Mifuko hiyo iko wapi, na huombwa kwa njia gani? Na Mwislamu anayeikimbia riba, je, anayo nafasi humo?

Swali hili ni jema, nasi mwezi huu twapenda kulijibu kwa urefu kidogo. Maana wako watu wengi waliokata tamaa bure, hali mlango ulikuwa wazi. Na wako wengine waliouingia mlango huo bila ya kujitayarisha, wakaharibu kazi yao na wakawafungia wenzao.

Kwanza twakumbushe habari iliyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah kutoka kwa Anas bin Malik. Mtu mmoja katika Ansari alimjia Mtume (s.a.w.) akiomba. Mtume hakumpa fedha, bali alimwuliza kama hana kitu chochote nyumbani kwake. Yule mtu akajibu kuwa anacho kitambaa kizito anachojifunika na kukitandika, na kikombe cha kunywea maji. Mtume akaamuru viletwe, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akasema dirhamu moja, Mtume akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa dirhamu mbili. Dirhamu moja ikanunua chakula cha watu wa nyumbani, na ya pili ikanunua shoka. Mtume akalitia shoka lile mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia yule mtu aende kukata kuni na kuuza, wala asionekane mpaka zipite siku kumi na tano. Alipokuja tena alikuwa na dirhamu kumi, amekwisha kununua nguo na chakula.

Angalieni mpango uliomo katika habari hii. Mwombaji aliulizwa kwanza anacho nini. Fedha iliyopatikana ikagawanywa: sehemu ya kula ikawa mbali, na sehemu ya mtaji ikawa mbali. Kazi iliyochaguliwa ilikuwa kazi anayoiweza, yenye wanunuzi. Akawekewa muda, na muda ulipokwisha akaja kutoa habari ya alichopata. Basi mfuko wowote wa leo, uwe wa Serikali au wa watu wa nje, huuliza mambo hayo hayo. Anayeyajua majibu yake ameshakwenda nusu ya safari.

Sasa yafaa tupambanue aina za fedha, kwani wengi huzichanganya. Iko ruzuku, nayo ni fedha inayotolewa kwa kazi maalumu pasipo kurudishwa, lakini hesabu yake hudaiwa mpaka senti ya mwisho. Uko mkopo usio na riba, ambao hurudishwa kama ulivyotolewa bila ya nyongeza. Na uko mkopo wa riba, ambao Mwislamu ameuharamishiwa, wala hatuna haja ya kuueleza hapa. Mtu anayeiita ruzuku "fedha ya bure" amekosea, na anayeuita mkopo wa Serikali "zawadi" amekosea zaidi.

Ama mlango ulio karibu kabisa na mtu wa Rungwe ni halmashauri yake. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, iliongezwa kifungu cha 37A. Kifungu hicho chaamuru kila halmashauri itenge sehemu kumi katika mia ya mapato yake ya ndani, iwakopeshe wanawake sehemu nne, vijana sehemu nne, na watu wenye ulemavu sehemu mbili. Na jambo la kumfurahisha kila Mwislamu ni hili: mkopo huo, kwa sheria yenyewe, hauna riba. Mtu aliyekaa miaka mingi akijizuia na mikopo ya riba kwa kumcha Mola wake, leo amewekewa na sheria ya nchi mkopo ambao hautozwi nyongeza. Basi itakuwa ajabu ikiwa sisi tutakuwa wa mwisho kuujua.

Wilaya ya Rungwe ina halmashauri mbili: ya Rungwe, ambayo makao yake ni Tukuyu, na ya Busokelo, ambayo makao yake ni Lwangwa. Mtu wa Kiwira, Kyimo au Katumba ataiendea ya Tukuyu. Mtu wa Mwakaleli ataiendea ya Lwangwa. Wa kumwona ni Afisa Maendeleo ya Jamii, akianza na yule wa kata yake. Yeye ndiye atakayewaeleza idadi ya watu inayotakiwa katika kikundi na mipaka ya umri wa vijana. Mwulizeni yeye msitegemee maneno ya barazani, kwa kuwa kanuni hizi zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu zilipotolewa mwaka 2019. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Hapa hatuna budi kusema jambo la uchungu. Mwezi wa Aprili 2023 mikopo hii ilisimamishwa nchi nzima. Kwa nini? Kwa sababu Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alikuwa akionyesha, mwaka baada ya mwaka, kwamba mabilioni ya shilingi hayakurejeshwa, na kwamba vilikuwako vikundi ambavyo havikuonekana mahali popote isipokuwa katika karatasi. Mwaka 2024 mikopo ilirudishwa kwa utaratibu mpya. Lakini katika muda ule uliopita kati, mama mwenye kazi ya kweli na daftari safi alifungiwa mlango pamoja na mwongo. Ndiyo maana twasema kwamba asiyelipa hamdhulumu mkurugenzi wa halmashauri. Amdhulumu jirani yake aliye nyuma yake katika safu.

Basi mtu ajitayarishe vipi? Kikundi kisianzishwe siku ile zinaposikika habari za fedha. Kianzishwe mapema, na watu wanaojuana tabia, wanaokutana kila juma, na wanaoweka akiba yao wenyewe ijapokuwa ndogo. Haba na haba hujaza kibaba. Kiwe na katiba iliyoandikwa, na viongozi waliochaguliwa. Kisajiliwe, kifungue akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na watiaji saini wawe zaidi ya mmoja. Tena kiwe na daftari la fedha: iliyoingia, iliyotoka, kwa tarehe na kwa stakabadhi. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na sisi Waislamu hatukungoja kufundishwa jambo hili na mabenki, kwa kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Vipi basi kikundi cha Waislamu kitakuwa hakina kalamu?

Jambo linalofuata ni kuchagua kazi, na hapa wengi hujikwaa. Rungwe ni nchi ya chai, ndizi, maziwa, viazi na parachichi. Kijana akisikia sifa za parachichi katika masoko ya ng'ambo, mara hutaka kukopa apande shamba. Lakini na afanye hesabu ya wakati. Mche wa parachichi uliobebeshwa hukaa kiasi cha miaka mitatu kabla ya kutoa mazao ya kuuza, hali mkopo wa halmashauri huanza kurejeshwa baada ya miezi michache tu. Atalipa kwa kitu gani katika miaka hiyo? Atauza ng'ombe wa babake, au atakimbia. Mkopo wa muda mfupi wataka kazi yenye mapato ya karibu: ng'ombe wa maziwa anayekamuliwa kila siku, kitalu cha miche ya kuwauzia wenye mashamba, cherehani, ununuzi na uuzaji wa ndizi. Shamba la parachichi lipandwe kidogo kidogo kwa akiba na kwa faida, lisipandwe kwa deni linalokimbia mbele ya mti.

Tutoe mfano wa hesabu, ambao ni mfano tu wala si bei ya sokoni. Tuseme akina mama watano wataka ng'ombe wawili wa maziwa, na gharama zote pamoja na banda, dawa na chakula cha mwanzo ni shilingi milioni 6. Tuseme baada ya ndama kunywa na watoto wa nyumbani kunywa, hubaki lita 12 za kuuza kila siku, kila lita shilingi 1,000. Hiyo ni shilingi 360,000 kwa mwezi. Chakula, dawa na mganga wa mifugo vyachukua 150,000. Hubaki 210,000. Kwa mapato hayo milioni 6 hazilipiki kwa mwaka mmoja, maana miezi 12 huleta 2,520,000 tu. Na tena ng'ombe hukauka maziwa. Basi akina mama hao na waombe ng'ombe mmoja, waongezee akiba yao wenyewe, au waombe muda unaolingana na maziwa yao. Hesabu hii yaweza kufanywa jioni moja kwa taa ya kibatari, nayo huokoa miaka ya aibu.

Na hapa twawaambia waume neno moja. Mkopo wa wanawake ni wa wanawake. Sheria ya Kiislamu imempa mke mali yake, na mume hana haki juu yake ila kwa ridhaa yake mwenyewe. Mume anayemsukuma mkewe ajiunge na kikundi, kisha akaichukua fedha na kuiingiza katika mambo yake, amemtia mkewe deni mbele ya wenzake na amekula kisicho chake. Kama anayo hamu ya kusaidia, na akate majani ya ng'ombe.

Sasa tugeukie wale wanaotaka ruzuku kwa ajili ya madrasa, shule, kisima au zahanati. Hao wataulizwa kwanza: ninyi ni nani kwa sheria? Msikiti na madrasa huwa na bodi ya wadhamini, ambayo huandikishwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Shirika lisilo la kiserikali huandikishwa kwa Msajili wake, kwa Sheria Namba 24 ya mwaka 2002. Mtu mmoja mwenye nia njema na simu mkononi si taasisi, na wafadhili wengi hawatamjibu.

Kisha wajue kila mfuko na mapenzi yake. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2002, hutoa ruzuku kwa asasi za kiraia za Tanzania. Ubalozi wa Japani unao mpango wa misaada midogo kwa kazi za wananchi, kama majengo ya shule, maji na afya. Haumpi mtu binafsi, wala hautoi kwa kazi ya kueneza dini. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah, iliyoanza kazi mwaka 1975, inayo misaada ya elimu kwa jamii za Waislamu zilizo katika nchi zisizo wanachama, na Tanzania ni mojawapo ya nchi hizo. Mpango wake wa kuwasomesha vijana wa jamii hizo ulianza mwaka 1983. Mtu akimwomba mfadhili wa visima fedha za mnara wa msikiti, asilalamike akinyimwa, kwani amebisha hodi kwa nyumba isiyo yake. Msikiti hujengwa kwa sadaka na wakfu za Waislamu wenyewe. Kisima cha kunywewa na kijiji kizima chaweza kuombewa kwa wengine.

Tukumbuke pia kwamba mfadhili mwenye akili hutazama kwanza mwombaji ametoa nini. Mwaka 1945 ilianzishwa mjini Mombasa East African Muslim Welfare Society, chini ya Aga Khan wa tatu, Sultan Muhammad Shah. Mpango wake ulikuwa kwamba kadiri Waislamu wa Afrika Mashariki watakavyochanga, naye ataongeza kiasi hicho hicho. Waliochanga walijengewa misikiti na shule. Waliokaa wakingoja hawakuwa na kitu cha kuongezewa. Chama hicho kilikwisha katika Tanzania mwaka 1968, lakini kanuni yake haikufa: mkono mtupu haulambwi.

Na karibu zaidi, hapo Rungwe penyewe, wakulima wadogo wa chai wanalo somo. Hao walijiunga katika chama chao, wakapata hisa katika kampuni ya Wakulima Tea, yenye viwanda vya Katumba na Mwakaleli; na kwa kuuza chai kwa utaratibu wa Fairtrade wakapata malipo ya ziada, ambayo wakulima wenyewe ndio wanaoamua yatumiwe kwa maendeleo gani. Mkulima mmoja mwenye kikapu chake asingeyapata malipo hayo hata angeandika barua mia. Yalikuja kwa sababu palikuwa na chama, na hesabu, na watu wa kuulizwa.

Ama uandishi wa ombi lenyewe, haukuhitaji maneno makubwa. Wahitaji kweli. Mtu akiandika kwamba vijana wa mahali petu wana shida nyingi na twaomba msaada wenu, hakusema kitu. Aandike kwamba katika mtaa wetu wako wasichana 20 waliomaliza shule hawana kazi. Twataka kuwafundisha ushonaji kwa miezi 6. Tunacho chumba cha madrasa, na fundi wa kufundisha. Twapungukiwa na vyerehani 5 na vitambaa. Gharama ni hii, kitu kwa kitu. Wenyewe tumekwisha kuchanga kiasi hiki. Na msaada utakapokwisha, ada ndogo na mauzo ya sare za shule vitaendesha kazi. Maneno haya yaenea ukurasa mmoja, na kila mtu akiyasoma ataona kazi mbele ya macho yake. Idadi isiongezwe hata mtu mmoja. Anayeandika 50 hali anao 20 ameanza kwa uwongo, naye atahitaji uwongo mwingine siku ya kutoa hesabu.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: wako watu wanaopita wakisema kwamba fedha ziko tayari, bado tu ada ya fomu, au ya wakala, au ya kufungulia faili, huyaleta maneno hayo katika simu kwa majina ya mashirika makubwa. Ukitakiwa utoe fedha ndipo upewe fedha, rudi nyumbani kwako. Na ukitakiwa kitu kidogo na mtu wa ofisini, jua kwamba rushwa humtia katika dhambi mpaji na mpokeaji. Ya pili: msijenge nyumba nzima juu ya nguzo ya mtu mwingine. Shirika la Marekani la USAID lilianzishwa mwaka 1961, na mwaka 2025 likafungwa. Kazi nyingi katika nchi nyingi zilizolitegemea zikasimama katika muda mfupi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Fedha ya nje iwe shoka la kuanzia kazi, isiwe mkate wa kila siku.

Mwisho, kutoa hesabu. Kanuni za mwaka 2018 zayataka mashirika yasiyo ya kiserikali kuzitangaza hadharani fedha yanazopokea zinapozidi shilingi milioni 20. Wako wanaoliona jambo hili kuwa mzigo. Sisi twaliona kuwa ni adabu ya amana. Taarifa ipelekwe kwa wakati, hata kama kazi haikwenda vizuri. Ng'ombe akifa, iandikwe kuwa amekufa, na cheti cha mganga kiambatishwe, na halmashauri iarifiwe siku zile zile, si baada ya mwaka. Mwenye kudai humwonea huruma mkweli aliyepatwa na msiba. Hana huruma na anayejificha.

Wafugaji wengi wa nchi yetu wanaujua mtindo wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, uliotoka kwa shirika la Heifer International, lililoanzishwa Marekani mwaka 1944. Anayepewa mtamba hulipa kwa kumpa jirani mtamba wa kwanza atakayezaliwa. Hapo deni laonekana kwa macho: latembea kwa miguu minne kutoka zizi hili kwenda zizi lile, na kila mtu kijijini ajua limefika wapi. Laiti tungeuona mkopo wa halmashauri vivyo hivyo. Shilingi inayorudi Tukuyu leo yaenda Ikuti au Masukulu kesho, kwa kijana ambaye bado anangoja zamu yake.

Naye Mtume wetu (s.a.w.), kama alivyopokea Bukhari, aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni, asimsalie mpaka Abu Qatada aliposimama akalidhamini deni lile. Deni la watu si jambo jepesi, hata likiwa halina riba. Pengine likiwa halina riba ndiyo laongezeka haki yake, kwa kuwa mkopeshaji hakutaka faida kwetu ila kurudishiwa chake.

Basi wanaotaka kuanza na waanze juma hili. Wakutane watu wanaoaminiana, wahesabu walicho nacho kabla ya kuhesabu walichokosa, wanunue daftari, waweke akiba ya kwanza, kisha waende kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata wakiwa na maswali yaliyoandikwa. Asaa Mwenyezi Mungu atie baraka katika mikono yao, na awajaalie kuwa wenye kupokea kwa haki na kulipa kwa wema.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.